Pikipiki ya Theluji Iliyoombewa Merrylands

Nilinunua pikipiki ya theluji kuukuu, mimi ninayeishi Merrylands, ambako theluji tunaiona kwenye friza tu. Plastiki zake za chini, zile ndefu ambazo mkanda wa mpira unaozunguka badala ya magurudumu huteleza juu yake, zilikuwa zimelika hadi chuma kikaonekana. Nikajifanya fundi. Jumamosi nzima nililala chali gereji, nikang'oa za zamani kwa nyundo na matusi, nikasukumiza mpya kwa sabuni ya vyombo. Zilipoingia, nikajiona injinia.

Kwetu, chombo kipya lazima kiombewe. Jumapili mchungaji akaja na nusu ya kwaya, wakaiwekea mikono na kukemea pepo la ajali. Kisha mama mmoja akasema, "Haya baba, iendeshe tuone."

Aliyeniuzia alinionya kabisa: bila theluji ya kuzipoza, plastiki zile huungua. Nilimjibu kwamba najua. Basi nikazunguka kwenye nyasi kavu za uani nikipunga mkono kama rais, mpaka moshi ukaanza kutoka chini yangu na kwaya ikaanza kukohoa.

Mke wangu akamshika mchungaji mkono. "Usiondoke kwanza," akamwambia. "Dereva bado hajaombewa."