Chupa ya Curt kwenye Egnogi ya Marlys

Saa mbili asubuhi baa ya Zeman bado imefungwa, na theluji ya usiku imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Ndani, Marlys Dvorachek amekunja mikono ya sweta na kupanga chupa za watu juu ya kaunta. Anafungua moja, ananusa, anadondosha kidogo kwenye kijiko cha krimu, anaonja, kisha anatema kwenye sinki.

"Brandi ya akina Novak. Hii inaingia," anasema, na kutupa kizibo chake kwenye bakuli la vizibo.

Ni Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani, siku ya kuchanganya egnogi, kinywaji cha Krismasi. Viini vya mayai vinapigwa na sukari mpaka vipauke, vinatiwa krimu, maziwa na pombe kali, halafu vinalala kwenye friji hadi mkesha wa Krismasi. Kupiga mayai anaweza yeyote. Kazi ipo kwenye kuchagua pombe.

Hapa kwa Zeman, kila familia huleta chupa iliyobaki kabatini kwake. Iliyochaguliwa hung'olewa kizibo, na siku ya mkesha husimama wazi mezani kando ya egnogi. Iliyokataliwa hurudi kwa mwenyewe na kizibo chake. Basi siku hiyo utaona watu wazima wenye wajukuu wakiichungulia meza kama watoto wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani.

Marlys ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia nyuma ya kaunta hii. Ulimi wake si wa mchezo. "Brandi ndiyo nguzo," anaeleza. "Hapa Wisconsin ukitengeneza egnogi bila brandi, watu watakuuliza kama una homa. Ramu nyeusi inaleta utamu, wiski ya mahindi inaleta joto la kifuani. Zote tatu zikae pamoja, isitokee moja ya kuwapigia wenzake kelele."

Mlango wa nyuma unafunguka. Ni Gene Tesar, mstaafu wa kiwanda cha jibini, anakuja kama anavyokuja kila mwaka.

"Mama, pombe yangu ya jini vipi?"

"Mzee Gene! Jini kwenye mayai? Na harufu yake ya msonobari, unataka watu wanywe mti wa Krismasi?"

"Mwaka jana ulinijibu hivyo hivyo."

"Na wewe mwaka jana ulileta chupa hii hii. Chukua kahawa ukae, unaniingizia baridi."

Wanacheka, lakini ukali huo aliupata kwa gharama. Alipoanza kazi, Marlys alikuwa na huruma nyingi, akamimina chupa zote asimkwaze mtu, pamoja na pombe ya mnanaa ya mke wa mchungaji. Egnogi ikageuka kijani. Ndoo nzima ilimwagwa na Krismasi ile ikasherehekewa kwa bia. Mpaka leo mtu akikosea jambo hapa mjini, huambiwa amefanya ya kijani.

Ndiyo maana asubuhi hii kuna chupa moja anaizungukazunguka. Imebaki nusu, ni wiski ya Uskochi yenye moshi mkali, na ilikuwa ya Curt Kuehl.

Curt aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Kila alfajiri alisimama mlangoni hapa na kupaza sauti aletewe kahawa, maana hakutaka kuchafua sakafu ya Marlys kwa mabuti yake. Kwa wiski yake hiyo, watu walimtania kwamba anakunywa majivu. Februari moyo wake ulisimama ghafla, akiwa na miaka arobaini na moja. Mama yake, Bernadine, hajakanyaga baa tangu mazishi. Wiki hii aliisimamisha chupa kwenye ngazi ya nyuma ya baa na kumpigia simu rafiki yake Marlys.

"Aliniambia, 'Chupa yake isipokuwepo mezani sitakukasirikia, Marlys. Lakini sitaweza kuja,'" anasimulia, na machozi yanamlengalenga. "Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipomzika mume wangu. Sasa mimi nimfungie mlango?"

Anadondosha tone kwenye kikombe cha egnogi. Anaonja, anakunja uso.

"Jiko la kuni tupu! Nikiitia hii, mji mzima unakunywa moshi. Nisipoitia, Bernadine anakaa Krismasi peke yake na picha ya mwanawe."

Jumapili ile hakuamua. Alichanganya zile nyingine, na chupa ya Curt akaiweka kando ya mashine ya pesa, kizibo chake cheusi kikiwa mahali pake. Siku zikaenda. Magoti yanamsumbua, na alikwisha kumwambia mwenye baa kwamba Krismasi hii ni ya mwisho kwake kazini.

Jibu lilikuja kwa uvivu, anakiri mwenyewe. Alikuwa ameinusa tena wiski ile kwenye glasi, akaimwaga, kisha akajimiminia egnogi ya kuonja bila kuisuuza glasi. Ikaja brandi, ikaja ramu, na mbali kabisa, harufu ya mtu aliyetoka kuota moto.

"Nilipiga yowe peke yangu humu ndani!"

Mkesha umefika, baa imefurika. Marlys analichukua bakuli kubwa la kioo, anatia wiski ya Curt kidogo na kulizungusha taratibu mpaka kuta zote zilowe. Inayobaki chini ya bakuli anaimimina kwenye glasi ndogo, kisha analijaza bakuli egnogi na kukunia kungumanga juu. Chupa anaisimamisha mezani, wazi, katikati ya nyingine.

Marlys alimpigia simu, akamwambia aje tu aone; Bernadine anaingia akiwa bado amejifunga skafu. Anaiona chupa, anasimama.

"Wewe mwanamke, umewaharibia watu Krismasi kwa ajili yangu?"

"Onja kwanza, ndipo unitukane."

Anaonja. Kelele za karata zinaendelea. Bernadine anafumba macho, machozi yanamtoka, halafu anacheka.

"Yupo mlangoni," anasema. "Na mabuti yake."

Marlys anamzungukia na kumkumbatia, na glasi ile ndogo wanaimaliza kwa zamu. Gene anapita na kikombe cha pili, anauliza kama mwakani jini nayo inaweza kupakwa tu kwenye bakuli.

Baadaye watu wanakusanya chupa tupu. Ya Curt bado ina kiasi. Bernadine ananyoosha mkono.

"Nipe kizibo chake."

Marlys anashtuka, maana hapa chupa inayofungwa tena ni ile iliyokataliwa. "Unairudisha nyumbani?"

"Nani kasema? Naifunga isipoteze harufu. Itakaa hapa hapa, mwakani utaifungua tena."

"Mwakani sipo, Bernadine. Magoti haya..."

"Magoti utayakalisha kwenye kiti. Kubeba trei tutabeba sisi."

Marlys anachakura bakuli la vizibo mpaka anakipata cheusi. Anaifunga chupa mwenyewe, anaikaza, anairudisha kando ya mashine ya pesa. Halafu anamgeukia mwenye baa, aliye upande wa pili wa kaunta.

"Bosi, nitafutie kiti," anasema. "Kirefu, chenye mgongo."