Kumsimulia Mama Filamu

Mimi ni mtu wa vitabu, na ninapenda watu wajue. Rafu yangu ya riwaya, hapa nyumbani Engutoto, nimeiweka mkabala na mlango wa sebuleni ili mgeni asipate taabu ya kuitafuta. Mara moja kwa mwezi nakutana na wanawake wenzangu kwenye mgahawa wa kahawa mjini, tunajadili riwaya ambayo wawili kati yetu wameisoma, mmoja amesikia habari zake, na mwingine amefuata keki. Tukimaliza tunapiga picha tukiwa tumeshika vitabu. Kazi yangu ni kujibu barua pepe za watalii wanaotaka kuhakikishiwa kwamba simba wetu wana adabu, kwa hiyo Kiingereza ninacho cha kutosha, na dharau pia ninayo ya kutosha.

Sehemu kubwa ya dharau hiyo niliitumia kwa filamu zilizotafsiriwa. Kwa asiyezijua: mtu anachukua tamthilia ya Kikorea au ya Kituruki, anajifungia chumbani na kipaza sauti, kisha anaongea Kiswahili juu yake mwanzo hadi mwisho. Wahusika wanne wakigombana, wote wana sauti yake, awe mke, mtoto au bibi kizee. Wanamwita dijei, sijui kwa nini, maana muziki wenyewe anaufunika. Mhusika akisema neno moja, yeye anasema matano. Mhusika akinyamaza, yeye hanyamazi. Anamchamba mkwe mwenye roho mbaya, anamwonya shujaa asifungue mlango, na katikati ya msiba anakumbuka kutaja duka lake. Tajiri wa Kikorea akiingia kwenye jumba lake la vioo, utasikia anauliza kama makande yameiva.

Mama yangu alizipenda filamu hizo kupita kiasi. Ni Mmeru wa kijiji cha Kikwe, mjane, mkulima wa mahindi na migomba, Mlutheri wa ibada ya kwanza. Vitabu vyake ni viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo, na vyote anavijua kwa kichwa, jambo ambalo kwenye mgahawa wetu wa kahawa hakuna anayeweza kulisema kuhusu kitabu chochote. Alihamia kwangu baada ya kuanza kumimina chai pembeni ya kikombe na kusalimia nguo zilizoanikwa. Tulisema anakuja kutibiwa, halafu atarudi.

Nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari siku hiyo alikuwa mgeni, mzungu mrefu aliyekuja kusaidia kwa muda, Kiswahili chake chote kilikuwa "pole". Muuguzi wa kumtafsiria alikuwa ameitwa chumba cha pili. Nikasema asisumbuliwe, mimi nipo.

Daktari akaeleza taratibu, kwa upole, akichora kwenye karatasi. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakitarudi. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba hilo litazidi kuwa jembamba mpaka lizibe. Matone yatachelewesha tu. Ni lini, hawezi kusema, lakini si mbali.

Mama alikuwa amekaa wima na kitenge chake cha kanisani. Akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema macho yamechoka, Mama. Utatia matone asubuhi na jioni, yatarudi taratibu."

"Mbona maneno yake yalikuwa mengi?"

"Wazungu ndivyo walivyo."

Kwenye kundi la WhatsApp la familia nilipongezwa. Kaka yetu mkubwa, ambaye hupenda kuongoza mambo akiwa mbali nayo, aliandika kwamba nimetumia hekima, Mama asiambiwe, atakata tamaa na presha nyingine itapanda. Dada akatuma mikono inayosali. Tukakubaliana wote, na ni nadra sana ukoo wetu kukubaliana.

Mama akatia matone kwa bidii ya mtu anayepalilia. Nilipomwambia Jumamosi moja kwamba naweza kumpeleka Kikwe akaone shamba, alikataa. "Niende kule na macho nusu? Nitaona nini? Yakirudi nitakwenda, niangalie vizuri kila kitu." Mimi nikasema ni sawa. Ningesema nini? Kutoka kwangu hadi Kikwe si safari ya kufungia mizigo, ungedhani ametajiwa Yerusalemu.

Kwa hiyo akabaki kwenye kochi langu, na kochi langu likawa jumba la sinema. Asubuhi ananiaga kwa heri, jioni nikirudi namkuta ameinama karibu na televisheni, sikio mbele, dijei anapiga kelele. Nikaamua kumwokoa.

Nilianza na muziki. Nina mkusanyiko wa muziki wa ala, ule usio na maneno, ambao nikiuweka wageni husema "mmh, mzuri" na kuangalia saa. Mama alisikiliza kwa subira, mikono magotini. Baadaye akauliza, "Wakimaliza kujaribu vyombo, wataanza saa ngapi?"

Nikahamia kwenye riwaya. Nilimsomea kwa sauti ile niliyoisifu kuliko zote kwenye mgahawa, nikimtafsiria kadiri nilivyosoma. Ni kitabu kizito. Mwanamume anakaa dirishani, anakumbuka, mvua inanyesha, anakumbuka tena. Nilipofika mahali ambapo sauti yangu mwenyewe ilianza kunitetemesha, Mama alinikatiza. "Huyu mtu hana shamba?" Nikasema hana, ni msomi. "Mke je?" Alimwacha. "Ndiyo maana," akasema, na akaniomba nimwekee Wakorea.

Kaka naye alijitahidi. Alituma video za kwaya, zile ambazo waimbaji husimama kwenye bustani ya hoteli, pembeni ya gari la mtu mwingine, wakipinda kushoto na kulia huku wakiimba kuhusu mateso ya dunia hii. Mama alizipokea kwa heshima zote. Alisema wimbo wa pili sauti ya nne imelala. Kisha akaomba tena Wakorea wake.

Basi nikakaa naye. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya msichana mshona nguo aliyeolewa kwenye nyumba ya kitajiri, na kila mtu ndani ya nyumba hiyo alikuwa na siri na gari. Mama hakujali mapenzi yao. Alimpenda mpishi, mama mzee aliyemlea bwana harusi tangu utoto, anayeugua kifua na hamwambii mtu. Akitokea tu, Mama alikuwa akisogea mbele zaidi. "Huyu ndiye mwenye nyumba," alikuwa akisema, "wengine wapangaji."

Mimi, kwa kuwa nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, nilichukua jukumu la kulinda ukweli. Dijei akisema mpishi amemlaani mkwe, nasema, "Hapana Mama, amesema tu supu imepoa." Dijei akisema shujaa ameapa kulipiza kisasi, nasema, "Ameuliza funguo ziko wapi." Mama alivumilia kwa muda. Siku moja akanigeukia, akiutafuta uso wangu kwa ule upenyo wake mdogo. "Unaniharibia. Huyu kijana anaongea na mimi. Wewe unaongea na hiyo karatasi yako iliyoandikwa chini."

Halafu dijei akatuacha kwenye mataa. Sehemu za mwisho hakuzitafsiri. Nilikwenda mtaa wa Daraja Mbili, kwenye duka la kuweka muvi kwenye flashi, nikamuuliza muuzaji.

"Dada yangu, hiyo jamaa kaipotezea," akaniambia. "Watu wamehamia Waturuki. Ila orijino ninayo yote, ina maandishi ya Kizungu."

Unaweza kukisia aliyepata kazi. Mimi, mwenye rafu ya riwaya, nikawa dijei wa mtu mmoja kila Jumapili baada ya ibada.

Nilianza kwa uaminifu mkubwa. "Anaingia. Amevaa koti la bluu. Anakaa. Anasema ana wasiwasi." Mama alianza kusinzia kabla yule wa koti hajavua koti. Alipoamka akauliza kama umeme ulikatika. Jumapili iliyofuata nikatia chumvi kidogo. Nikampa mkwe sauti ya jirani yetu mmoja wa Kikwe anayegombea mpaka wa shamba, na Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaongeza. Nilimfanya wakili wa familia aombe maparachichi. Nilimchamba mtu ambaye kwenye kioo alikuwa anapiga mswaki tu. Aibu yangu yote ya msomi ilikwenda sijui wapi. Nilifurahi, nitasema wazi, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwenye mgahawa ule pamoja na keki zake. Nilimpenda sana Mama kwenye Jumapili hizo, na yeye alikuwa akinipiga kwenye goti kila nilipopatia.

Lakini nilikuwa naona vilevile. Mwanzoni alikuwa akiwatambua watu wakisogea katikati ya kioo. Baadaye akawa anauliza, "Huyo nani?" Kisha akaacha kuuliza, akangoja nimtaje. Matone yalikuwa yakienda kwa wakati, asubuhi na jioni. "Yanachelewa kidogo," alikuwa akisema. "Lakini mimi ninayatunza. Siyachoshi kwa kuangalia ovyo." Nami nilikuwa nikienda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni.

Ikafika Jumapili ya sehemu ya mwisho. Nilikuwa sijaiangalia kabla, kosa ambalo dijei yeyote wa kweli asingelifanya. Mambo yalikwenda vizuri, mkwe akaumbuka, mshona nguo akapata mtoto. Kisha kamera ikaingia chumba cha mpishi. Amelala kitandani. Yule bwana harusi, kijana aliyemlea, amepiga magoti pembeni. Mpishi akasema maneno machache, akafumba macho, mkono wake ukateleza kutoka kwenye shuka.

Mama alikuwa amesogea mbele. "Anafanya nini?"

"Amepona," nikasema. "Daktari amemruhusu. Wamemtoa nje bustanini, anakunywa chai. Wote wamemzunguka."

"Anasema chochote?"

"Anasema chai haina sukari."

Hakucheka. Piano ilikuwa inapiga, polepole, ukiacha piano hakuna aliyekuwa anaongea. Akaiacha mpaka ikaisha.

"Amekufa, si ndiyo?"

"Mama..."

"Muziki huo waliupiga siku baba wa yule kijana alipofariki. Waliupiga na siku ile mbwa alipogongwa na gari. Mtu anayekunywa chai hapigiwi huo." Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Yananikimbia macho, mwanangu. Masikio nimeachiwa."

Nikasema ndiyo, amekufa.

"Sasa mbona umenipa bustani?"

"Niliogopa utaumia."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama mtu anayepokea maelezo anayoyafahamu. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Niliomba Mungu yawe mengi.

"Na yule daktari mzungu," akasema. "Yeye alisemaje?"

"Mama, alisema macho yame..."

"Niambie maneno yake. Usitie chumvi, na usipunguze."

Nilianza kwa Kiswahili nikakwama, nikamalizia kwa Kimeru, ambacho ninakijua kwa mambo ya nyumbani tu na sijawahi kujua namna ya kukipamba. Nilimwambia la kushoto limekwisha. Nilimwambia kilichokwenda hakirudi na kilichobaki kinakwenda. Nilimwambia matone yanachelewesha tu, na kwamba sisi watoto wote tulikubaliana asiambiwe. Nilikuwa nalia, na sikuficha, kwa kuwa kuficha hakukuwa na maana tena kwa pande zote mbili.

Nilisubiri anigombeze. Ningeshukuru.

"Nilikuwa nayatunza," akasema mwishowe. "Nilisema nisiende Kikwe kuangalia vitu vyangu nusunusu. Migomba, ng'ombe, wajukuu wa jirani, mlima wenyewe. Nikasema nitasubiri, yakipona niviangalie vizuri." Alinyoosha kidole kuelekea televisheni, kikakosea kidogo, kikaelekea kwenye rafu ya vitabu. "Kumbe macho hayo hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Na nimeyamalizia kwa Wakorea."

Nikazima televisheni.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa tisa."

Akaanza kupapasa chini ya kochi akitafuta viatu. Nilipoinama kumsaidia, akausukuma mkono wangu. Alikipata kimoja, akakivaa, akaendelea kutafuta cha pili.

"Washa gari," akasema. "Jua bado lipo."