Tandawala Aliyekataa Boma la Susu

Harufu ya udongo uliolowa mvua ya kwanza hunirudisha Konza, likizo ya Disemba nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimepelekwa kwa nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, nimsaidie kuchunga mbuzi. Majani yalikuwa yameanza kuchipua, na kazi yangu kubwa ilikuwa kubandua gundi iliyoganda kwenye magome ya migunga na kuitafuna mchana kutwa. Katika kazi hiyo nilikuwa na mpinzani, ndege mkubwa aliyenifikia kifuani, mwenye shingo ya kijivu na kishungi kisogoni. Aliidonoa gundi ile kwa ulafi kunishinda. Vitabuni anaitwa tandawala. Susu alimwita Mzee wa Kanisa, kwa kuwa alitembea polepole, kichwa juu, mithili ya mzee anayepitisha kikapu cha sadaka huku akichungulia nani ametoa nini.

Nilimpenda kwa vioja vyake. Kuku wetu wakinywa maji huinua vichwa ili yateremke kooni, lakini yeye aliinama akayafyonza kama ng'ombe. Kuruka aliweza, ila hakupenda, maana alikuwa mzito ajabu na ilibidi akimbie kwanza mbio ndefu za kuchekesha. Siku nyingine keremkerem, yule ndege mdogo mla nyuki, alimpanda mgongoni akingoja panzi waliokurupushwa, naye hakujali. Dume alipotafuta mchumba alifura shingo na kutoa mngurumo mzito uliosikika mbali. Mchumba akishapatikana, dume huyo alijiendea zake na malezi yote kumwachia jike. Susu aliposikia hayo alicheka, akasema anawajua wengi wa namna hiyo, tena wenye suruali.

Asubuhi moja mbuzi walimtimua tandawala jike kutoka mahali alipolalia. Nilipofika nikaona mayai mawili ya rangi ya vumbi, juu ya ardhi tupu, bila hata unyasi mmoja wa kuitwa kiota. Kwato za mbuzi zilikuwa zimepita kiganja kimoja tu kando yake. Nilikimbia kumwita Susu. Sasa, Susu alikuwa na sifa moja Konza nzima: boma lake halikuwahi kuingiliwa na fisi. Tahadhari kabla ya hatari, alipenda kusema. Alishika panga, akakata matawi ya miiba, tukayaburuta na kuyazungushia mayai yale mpaka yakanifika kiunoni. Aliacha na kilango kidogo, kama cha boma la mbuzi. Nilijiona nimeokoa ukoo mzima.

Jike alirudi, akasimama mbali. Alinyoosha shingo, akasogea hatua chache, akageuka. Akaja tena, akageuka tena. Jua lilipanda, na jua la Konza si la mchezo. Mayai yale yalikuwa yanaiva mbele ya macho yangu na mimi ndiye niliyemwita Susu. Nililia bila aibu.

"Susu, ni hii boma anaogopa," nilisema. "Akiwa ndani hawezi ona nje."

"Aiya! Mimi niko na boma miaka yote hii, hakuna mbuzi yangu imeliwa. Leo wewe ndio unanifundisha?"

Nilimnyooshea tu kidole yule ndege, kwa maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Susu alilitazama boma, akamtazama yule ndege, akalitazama boma tena. Kisha, kwa magoti yake mabovu, alipiga magoti na kutambaa hadi ndani, akashusha kichwa hadi kimo cha ndege aliyelala. Alikaa hivyo kitambo, kitambaa chake cha kichwa kimenaswa na miiba.

"Ni kweli, mwana wakwa," alisema humo ndani. "Hapa adui atakuja na hutamuona."

Alilibomoa mwenyewe, kwa mikono mitupu. Tulijificha nyuma ya kichuguu. Jike alikuja moja kwa moja, akasimama juu ya mayai na kuyafunika kwa kivuli cha mabawa yake. Furaha niliyoipata sijui kuieleza. Tangu siku hiyo mbuzi tuliwazungusha njia ndefu ya korongoni, na miguu yangu ikaota sugu. Kabla ya shule kufunguliwa kifaranga kimoja kilimfuata mama yake, rangi yake udongo mtupu. Yai la pili halikuanguliwa. Susu aliliangalia muda mrefu. "Hilo ni mimi na boma langu," alisema, akaenda zake.

Leo ninaishi Syokimau, nyuma ya ukuta na geti. Wataalamu wanasema tandawala anakaribia kuhesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini, kwa kuwa nyaya za umeme na nyua zinamkata njia, naye mzito hawezi kukwepa upesi. Ndugu zangu walipotaka kulizungushia seng'enge shamba alilotuachia Susu, niliomba upande wa mbugani uachwe wazi.

"Na ng'ombe za watu zikiingia?" kaka yangu aliuliza.

Nilimwambia ziingie. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Na kweli zimeingia. Mwezi uliopita zilikula mistari mitatu ya mahindi niliyopanda huko, mbele ya macho yangu, nami sikuokota hata jiwe. Nyuma yao, polepole, kichwa juu, alikuwa anakuja Mzee wa Kanisa.