Matete ya Mlangoni kwa Mama

Mama alikuwa ametoka hospitali. Kipindupindu kilimwachia mifupa na macho. Robine, bomba la maji la avenue yetu hapa Kilibula, ilikuwa kavu kama kawaida, kwa hiyo alirudi kuchota palepale ufukweni, pale mtaro unapomwaga ziwani kila kitu ambacho mvua imekikokota kutoka barabarani: mafuta ya pikipiki, kinyesi, mifuko, damu ya machinjioni. Nilimkataza.

"Nichote wapi, mwana? Mbinguni?"

Basi nikachimba shimo pana mbele ya mlango wetu, mtaro unapopita. Chini niliweka kokoto, juu yake mchanga, kisha nikapanda matete niliyoyatoa kando ya Ruzizi. Nilitaka maji yaingie, yatulie, yaache uchafu kwenye mizizi, ndipo yateremke ziwani.

Jirani yetu, mwosha pikipiki, alikuja kunitazama.

"Mwandishi, weye iko unachimba nini? Kaburi ya bitabu byako?"

"Ya mafuta yako," nikamjibu.

Mvua ya kwanza ilileta maji meusi kama kahawa. Nilichuchumaa upande wa pili nikayangoja. Yalitoka polepole, rangi ya chai hafifu, bila ule utando wa mafuta unaometameta. Hayakuwa ya kunywa, lakini yalikuwa yametua mzigo. Nilimwita mama, nikamweleza. Alitazama, akarudi kwenye ufagio wake. Nilidhani ameelewa.

Matete yakanipita kiuno. Kwetu, nyasi ndefu mlangoni ni aibu ya mwenye nyumba. Uwanja hufagiwa hadi udongo ung'ae, la sivyo watu watasema humo hamna mtu.

Jumamosi moja nilikwenda Luvungi kumwona shangazi. Ilikuwa asubuhi ya salongo, avenue nzima ilipotoka na majembe kusafisha mtaa. Niliporudi jioni nilikuta udongo mtupu wenye mistari ya ufagio. Shimo lilikuwa limefukiwa, na mtaro umenyooshwa.

"Ni shefu wa avenue alikulazimisha?"

"Hapana. Ni miye nilianza." Mama alikuwa na furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Bantu banapita, banasema mwana yangu iko analea banyoka. Nikakata. Bakanisaidia. Shefu alinisifu mbele ya bote! Ona vile kunang'aa."



Mvua ilinyesha kabla ya giza. Maji meusi yalipita mlangoni mbio, hayakusimama popote. Asubuhi mama alichukua bidoni lake la maji akateremka ziwani. Nilichukua la pili nikamfuata. Tukangoja zamu yetu pale mdomoni pa mtaro, na wanawake wakampongeza mama kwa uwanja wake safi.