Kabichi Zangu na Mafiga Matatu

Nilipoolewa Manga, vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na mume wangu alikaa nami mwezi mmoja tu kabla ya kurudi kazini kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Aliniachia nyumba mpya ya udongo yenye paa la nyasi, na ndani yake hamna moto. Moto ulikuwa kwa mama mkwe. Kwetu bibi arusi hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka apewe mafiga yake matatu, na siku ya kupewa huamuliwa na mama mkwe mwenyewe, wala hakuna wa kumharakisha. Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito alipewa yake baada ya miezi minne. Mimi nilikuwa nimeingia mwaka wa pili.

Naomba nieleweke. Mama mkwe hakunipiga wala kunitukana. Alinisimamia tu. Nikisonga ugali, ananiambia nisonge. Nikiacha, anauliza mbona nimeacha. Nikitia chumvi, anaonja, halafu anaongeza kidogo sana, chembe ambazo hata siafu asingejisumbua kuzibeba. Nilitamani moto wangu mwenyewe niunguze ugali wangu kwa raha zangu.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza, "Mama, na mimi nitapika kwangu lini?"

Akapepeta wimbi lake mpaka likaisha ndipo akajibu. "Siku bustani yako itakapomlisha mgeni wangu akashiba, mokamwana."

Mokamwana ni mke wa mwana, na alilitamka neno hilo kwa utamu mpaka nikaamini. Mgeni wake nilimjua: dada yake mkubwa wa Magwagwa, mama mwenye mwili na mdomo, ambaye hufika kila mwaka baada ya palizi ya wimbi na kula kana kwamba Magwagwa hakuna chakula.

Wakati huo misheni walikuwa na darasa la akina mama, nasi tulikwenda sote wawili, mimi na mama mkwe. Bibi Mzungu alituletea kabichi moja nzima, imefunga, ngumu. Ikapita mikononi mwetu. Mama mkwe aliishika kuliko wote. Aliinusa, akaigonga kwa kidole, akauliza kama ndani kuna mfupa. Akina mama wakacheka mpaka somo likaharibika. Mwishoni tuligawiwa mbegu.

Masika yalipoanza nilitengeneza kitalu, nikakitilia majivu, kisha nikahamisha miche ishirini kwenye mistari iliyonyooka kuliko njia ya kanisani. Nilipanda pia maharagwe na maboga, lakini hayo hata bibi yangu alipanda. Kabichi ndizo zilizokuwa mafiga yangu. Majani yakapanuka, kisha katikati yakaanza kujikunja, na mimi nikaanza kuchagua kichwani nitakapoweka chungu.

Asubuhi moja nikakuta tatu zimefunguliwa. Yale majani ya katikati yamebanduliwa moja moja, taratibu, na kuwekwa chini kwa adabu. Kesho yake nne. Nilisingizia mbuzi, lakini mbuzi hana adabu hiyo. Nilisingizia jirani wa ng'ambo ya kijito, nikamnunia kanisani Sabato mbili nzima, naye maskini akadhani naumwa jino.

Wiki ya tatu, nilipokuta nyingine zimefunguliwa, kesho yake nilidamka kabla jua halijachomoza, nikajilaza katikati ya majani ya maboga, jembe mkononi, nimsubiri mwizi wangu.

Akaja baba mkwe.

Hapa ni lazima nieleze. Kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna heshima tunayoiita chinsoni. Haingii nyumbani kwangu, sigusi mkono wake, na tukiwa na neno la lazima tunalisema tukiwa mbali, tena kila mtu anatazama upande wake. Sasa fikiria mimi nimelala chali kwenye maboga, leso imenivuka, naye yuko hatua tatu. Ningeinuka pale, wangeitwa wazee, na pengine mbuzi angechinjwa kutusafisha sote wawili. Kwa hiyo nilibana pumzi. Ndipo nikagundua kwamba nimelala kwenye njia ya siafu.

Siafu hawajui chinsoni. Walianzia kwenye kifundo cha mguu. Baba mkwe naye akapita mstari kwa mstari akiimba wimbo wa kanisani chini chini, akiinamia kila kabichi iliyojikunja. "Pole," akaiambia moja, akaifungua. "Pole na wewe." Siafu wakafika gotini. Nikauma jani la boga.

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka kwenye ua. "Mengine yameshikwa?"

"Matano," baba mkwe akajibu kwa huzuni. "Huu ugonjwa ni mbaya. Jani zima likajifungie ndani namna hii? Lakini una hakika ukiyafungua yatapona?"

"Misheni walitufundisha hivyo. Fungua yote. Usimwambie, ataona aibu."

"Maskini mtoto wa watu," akasema baba mkwe, akafungua ya sita.

Mimi ningemsamehe mzee yule hata kama angeng'oa bustani nzima. Sisi ni watu wa kula majani: chinsaga, mnavu, kunde, majani ya maboga hayo hayo niliyolalia. Jani la mboga huchumwa lingine lichipuke, na jani linalokataa kufunguka ni jani linaloumwa. Hakuwahi kuona kabichi. Lakini mama mkwe aliishika kwa mikono yake! Aliigonga!

Walipoondoka niliruka kama niliyepagawa, nikakimbilia kijitoni nikajitosa na nguo zangu. Hasira niliyokuwa nayo iliwashinda siafu. Ubaya ni kwamba sikuweza kumshtaki. Angeuliza nimejuaje, nami ningelazimika kusema nilikuwa nimelala wapi na hatua ngapi kutoka kwa nani. Nikabaki najikuna.

Mgeni wa Magwagwa alipofika, sikuwa na kabichi hata moja iliyofunga. Nilikwenda bustanini kulia, nikakuta vile visiki vilivyobaki baada ya majani kubanduliwa vimechipua pembeni, kila kimoja vichipukizi vingi, laini, vya kijani kibichi. Nikavichuma vyote. Nikavipika kama chinsaga, kwa maziwa yaliyolala, mama mkwe akinisimamia bila kusema neno, jambo lililonitia hofu.

Mgeni akala. Akaongezewa ugali, akala. Akafuta chungu kwa tonge la mwisho, akauliza, "Mboga gani hii? Nani kaifundisha kuchipua hivi?"

Nilimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama paa.

"Ni ya mokamwana," akasema hatimaye. "Ni ya bustani yake."

Neno lake lilikuwa neno. Keshoye aliniletea mafiga matatu, akayapanga kwa mikono yake, akaniwashia moto wa kwanza na kuondoka bila kuniagiza lolote. Jioni nilisonga ugali wangu peke yangu. Uliungua upande mmoja, na nilifurahi kama niliyepanga iwe hivyo.

Kabla sijaupakua, mama mkwe akabisha hodi, kigae mkononi.

"Nimekuja kuomba moto," akasema. "Wangu umezimika."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Nyumba yake niliiona vizuri, na moshi ulikuwa unafuka juu ya paa lake, mwingi, wa kuni kavu. Aliona nimeona. Hakuugeukia.

Kumbe mwaka mzima na zaidi nilikuwa nahesabu miezi ya kumtoroka, naye alikuwa anahesabu miezi iyo hiyo akiogopa iishe. Nikamsogezea kigoda.

Akaketi, akakiweka kigae chini, akachungulia chunguni.

"Songa," akasema. "Unaungua."

Nikasonga.