Gari la Matangazo Lilipofika Kakese

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi ninayolipwa ni kuongea na watu kwa upole. Mama yangu, mkulima wa mpunga kule Mpimbwe, huwaambia wenzake kanisani kwamba angejua mdomo wangu utakuja kuniletea mshahara, asingenichapa vile nilipokuwa mdogo. Mimi ni afisa habari, hapa Mpanda.

Msimu ule wa mvua kipindupindu kiliingia Kakese, pembezoni mwa mji, na mzee mmoja akafariki kabla hatujajua tunapambana na nini. Waganga wa hospitali walifungua kambi ya matibabu. Wataalamu wa maji wakatia dawa kwenye kisima cha pampu, kile chenye birika la kunyweshea mifugo pembeni. Sehemu yangu ilikuwa kuwaambia wananchi waache maji ya mto, wateke kisimani, na anayeharisha aletwe kambini mapema.

Diwani alinifuata ofisini kabla sijaondoka. Alikuwa mfugaji, mtoto wa wafugaji waliokuja na ng'ombe zao kutoka kaskazini, na uchaguzi ulikuwa unabisha hodi.

"Mama, hilo neno kipindupindu usilitaje. Watu wataogopa, watasema nimewaletea balaa. Wewe sema matumbo."

"Matumbo yanauzwa buchani, Mheshimiwa," nikamjibu.

Mkubwa wangu alikuwepo. Akaangalia dari kama mtu anayehesabu mbao, nikajua hapo sina wa kunitetea. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, na kilio kimoja tulishakisikia. Nikaondoka na neno langu.

Nililichagua gari la matangazo mwenyewe, kwa sababu spika zake zinasikika mbali kuliko zote mjini. Tulifika Kakese tukipiga muziki, kama ilivyo desturi, ili watu watoke majumbani. Walitoka kweli. Wanaume walikimbilia mazizini, wanawake wakabeba watoto na ndoo, na kabla sijamaliza sentensi ya kwanza ng'ombe walikuwa wanaswagwa kuelekea mtoni, kule kule nilikotaka wasiende. Nilibaki na kipaza sauti mkononi, nikimtangazia mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mti. Nilikasirika nusura nilie.

Kesho yake asubuhi alikuja mama anayeniuzia maziwa, nyumbani kwangu Nsemulwa. Anaishi Kakese. Siku hiyo hakuwa na maziwa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mayu, mwanangu amekimbia na ng'ombe," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma chao. "Yuko mtoni na mke wake na watoto. Mkwe wangu ameanza kuharisha tangu jana. Nimemwambia amlete kambini, hataki."

"Hataki kwa nini?"

"Lile gari lenu. Ndiyo lilitutoa msituni mwaka ule. Lilipiga nyimbo kwanza, halafu likasema ng'ombe zote zitoke. Sasa nyie mnaleta gari lile lile, mnasema mmeweka dawa kwenye maji. Sisi tutaelewaje? Anasema mnataka ng'ombe zife, tuhame wenyewe."

Nikakaa chini kwenye kizingiti cha mlango. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliwapelekea ung'ongo wenye spika nne. Nilikuwa nimefikiria sauti ifike mbali, sikufikiria wanaikumbuka sauti ya nani.

Sikwenda kwa mkubwa wangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa diwani, nikamkuta anakunywa chai.

"Mheshimiwa, ng'ombe zako zinakunywa wapi?"

Akaongeza sukari kwenye chai. Na yeye alikuwa amezihamisha.

"Basi tufanye hivi," nikasema. "Wewe hulitaki neno, wao hawalitaki gari. Niachie neno langu, mimi nitaliacha gari. Halafu wewe ulete ng'ombe zako kisimani, zinywe watu wakiona."

"Zikifa je?"

"Dawa hiyo hiyo imo kwenye chai unayokunywa. Maji haya yametoka bombani."

Alikitazama kikombe, akakisogeza pembeni. Nilidhani nimemkosa. Kisha akachukua simu, akampigia mchunga ng'ombe wake kwa Kisukuma, na nilichoambulia tu ni kwamba ng'ombe wote waletwe.

Mchana tulikuwa kisimani. Mama wa maziwa alikuwa amewatanguliza vijana kupeleka habari mtoni, na wafugaji walikuja wakasimama mbali, fimbo mabegani. Diwani mwenyewe aliliongoza dume lake lenye mabaka. Alilipapasa shingo kama anayeliaga, na nikampenda kwa hilo. Dume likanusa, likapiga chafya, likanywa mpaka tumbo likavimba. Wengine wakafuata.

Nikasimama bila kipaza sauti. Nikasema ni kipindupindu, nikalirudia neno hilo, nikaeleza kinavyoingia na kinavyotoka.

"Mmekuja kuhesabu ng'ombe?" mmoja akauliza.

"Hapana. Na lile gari sikuja nalo. Nimeambiwa lilichowafanyia."

Wakacheka kidogo. Lakini hawakusogea. Walikaa chini kuwaangalia ng'ombe wa diwani, na diwani akakaa nao, na mimi nikakaa. Hakuna hotuba iliyotolewa. Jua lilipoanza kupoa ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua, dume lenye mabaka likiwa limefumba macho kwa raha zake, na mfugaji wa kwanza akainuka akaenda kuswaga wake waje.

Mtoto wa mama wa maziwa alipita hapo kwa pikipiki bila kusimama, mkewe nyuma yake akiwa amefungwa kwake kwa kitenge asianguke. Walikuwa wanaelekea kambini. Mama yake alikaa chini kwenye tope akalia kwa sauti, nami nikalia naye, kazi ya upole ikanishinda kabisa.

Mkwe yule alipona. Kakese haikuzika tena kwa ugonjwa ule. Diwani alishinda uchaguzi na siku hizi anasimulia kwamba wazo la ng'ombe lilikuwa lake, nami namwachia, maana ng'ombe walikuwa wake kweli.

Kambi ilipofungwa nililirudisha gari la matangazo Kakese, kwa makusudi. Mama wa maziwa alisema nina kichwa kigumu. Niliwasha spika zote nne bila muziki, nikawaambia ugonjwa umekwisha, asanteni, endeleeni kunawa mikono. Kisimani wanaume walikuwa wananywesha, na hakuna aliyekimbia. Mmoja tu aliacha ng'ombe zake, akaja mpaka dirishani akiwa amekunja uso.

"Mayu," akasema, "punguza sauti. Ng'ombe zinakunywa."

Nikapunguza.