Mama Mapovu na spana aliyoirudisha chini

Saa mbili asubuhi, injini imezimwa na boti inayumba taratibu. Nahodha wake, mwanamke mnene mwenye kofia pana na ulimi usiokopesha, hageuzi shingo. Macho yako majini, kwenye mapovu.

“Uliza unachotaka, ila usinigeuze,” anamwambia mwandishi.

Wenzake kazini humwita Mama Mapovu. Kwa miaka kumi na moja amewazungusha wapiga mbizi kwenye matumbawe ya kisiwa hiki. Wao hushuka na mitungi ya hewa mgongoni, yeye hubaki juu akifuata pumzi zao. Mapovu yakitulia, wanatazama samaki. Yakitawanyika, kuna mtu kamwacha mwenzake. Chini kwenyewe hajawahi kufika hata siku moja.

Leo wameshuka wageni wanne, na kiongozi wao ni binti yake wa kwanza. Hajawahi kuongoza peke yake, na amepangiwa Mlangoni, penye mwanya wa miamba ambapo mkondo huvuta kwelikweli. Akiwarudisha salama, kazi ni yake. Akivuruga, mwenye kituo cha kupiga mbizi ameshasema atatafuta mtu mwingine.

“Nimemzaa mimi, lakini humo chini bosi ni yeye,” anasema. “Ubosi wangu unaishia hapa juu.”

Hata hajamaliza, mapovu yanageuka. Badala ya kurudi kwenye boya walikokubaliana kuibukia, yanaelekea bahari kuu.

“Haa! Huyu naye anakwenda wapi?”

Anakamata spana. Akigonga ngazi ya chuma mara tatu, sauti itafika chini na wote watalazimika kupanda. Wageni watajua kiongozi wao kaitwa na mama yake, na kazi itakuwa imekwenda. Asipogonga, na kumbe kuna hatari, je? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkono unainuka.

Anatazama tena. Mapovu ni mafungu matano, yako karibu karibu, hayana papara.

“Mkondo umegeuka,” anasema polepole. “Hataki kuwachosha wageni kwa kushindana na mkondo. Ameamua kuufuata.”

Anaweka spana chini, anawasha injini na kuwafuata kwa mbali.

Baada ya muda puto la rangi ya chungwa linachomoza, ishara ya kiongozi kwa nahodha. Kisha vichwa vitano, vyote vinacheka.

Binti anashika ngazi, anaiona spana. “Mama, ulitaka kugonga?”

“Mimi? Nilikuwa nakaza nati.”

“Nati gani?”

“Hebu panda huko, usinichoshe!” Machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

Sasa binti ameahidi kumfundisha kupiga mbizi. Mama Mapovu amekubali, ila kwanza apatikane wa kukaa juu. Mumewe amejitolea.

“Yule? Akipata kivuli tu, kalala!” anacheka. “Nitamfunza. Siku akikodoa macho saa nzima bila kupiga miayo, nitashuka na mwanangu, nikaone mapovu yake yanakotoka.”